Maswali ya Wasomaji: Fremu ya Chuma ya Kitaliano

SWALI: Ndugu Mhariri, nimenunua Kariakoo, kwa muuza mitumba, fremu ya zamani ya baiskeli ya mbio iliyotengenezwa Italia. Ina kibandiko cha Columbus, kromu ya foku imeingia kutu, na nguzo ya siti imegoma kutoka. Fundi wa mtaani kwetu amejaribu kufunga vikombe vya gololi za krenki, vikawa vinapwaya. Amenishauri tujazie kwa kuchomelea, kisha tupulize rangi mpya. Je, nikubali? Na nitajuaje kama fremu yenyewe ni halisi? Msomaji wa Tabata.

JIBU: Ndugu msomaji, usikubali kuchomelea, na suala la rangi liache liwe la mwisho kabisa. Kupwaya kwa vikombe si dalili kwamba fremu imekwisha. Fundi wako amejaribu vikombe vya kipimo cha Kiingereza, ambavyo kipenyo chake ni takriban milimita 34.8, ilhali bomba la krenki la Kitaliano lina kipenyo cha milimita 36 na upana wa milimita 70 badala ya 68. Agiza krenki ya katriji, yaani ekseli na gololi zilizofungwa pamoja kama kipande kimoja, iliyoandikwa 36 x 24 (kipenyo kwa milimita, na idadi ya meno kwa kila inchi), upana 70, nayo itaingia bila kulazimishwa. Kabla ya hapo safisha meno ya bomba hilo, yaani mikato ya parafujo iliyo ndani yake, kwa brashi ya waya na mafuta ya taa, kwa sababu meno ya Kitaliano yakishaharibika ni vigumu kuyapatia mbadala.

Jambo lingine ambalo fundi anapaswa kulijua kabla hajashika spana ni kwamba kwenye kipimo cha Kiingereza kikombe cha kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa kuelekea kulia, lakini kwenye fremu ya Kitaliano vikombe vyote viwili hufunguliwa kuelekea kushoto. Anayefuata mazoea atakuwa anakaza huku akidhani analegeza, na nguvu zake zote zitaishia kwenye meno hayo hayo tunayojaribu kuyaokoa. Kwa sababu hiyo hiyo ya mwelekeo wa meno, kikombe cha kulia cha Kitaliano hupenda kulegea chenyewe barabarani, kwa hiyo kikazwe sana.

Kuhusu uhalisi, kibandiko peke yake hakithibitishi kitu, kwani vibandiko vinauzwa. Columbus ni kiwanda cha mabomba kilichoanzishwa Milano mwaka 1919, na mabomba yake yalitumiwa na watengenezaji wengi wa fremu. Chomoa foku, kisha uchungulie kwa tochi ndani ya bomba lake la juu kuanzia chini: mabomba mengi ya Columbus ya miaka hiyo yana matuta matano membamba yanayojisokota kama parafujo. Ukiyaona, una sababu nzuri ya kuamini. Nguzo ya siti yenye kipenyo cha milimita 27.2 ni dalili nyingine njema, ingawa haitoshi ikiwa peke yake.

Muhimu kuliko jina ni unyoofu. Funga uzi kwenye sehemu inayoshika ekseli ya nyuma upande mmoja, uuzungushe mbele ya kichwa cha fremu na kuurudisha upande wa pili, uukaze, halafu upime kwa rula nafasi iliyopo kati ya uzi na bomba la siti kushoto na kulia. Tofauti ya milimita moja au mbili inarekebishika. Ikizidi sana, fremu imepata ajali au imebebeshwa vibaya. Kisha pitisha kidole taratibu chini ya bomba linaloteremka kutoka kichwa cha fremu hadi kwenye krenki, karibu na kichwa. Ukihisi uvimbe au mkunjo, hata kama rangi haijapasuka, fremu hiyo iligonga kitu kwa mbele, na mimi nisingeendelea kuigharimia.

Sasa nguzo ya siti. Aluminiamu na chuma vikikaa pamoja kwenye hewa ya chumvi kama hii ya kwetu pwani, hulana na kushikana. Watu wengi hukimbilia moto, na hapo ndipo wanapoharibu, kwa kuwa aluminiamu hupanuka kuliko chuma, hivyo moto huzidi kuikaza nguzo mle ndani. Geuza fremu juu chini, mimina mafuta ya kupenyeza kupitia bomba la krenki, na uache siku kadhaa ukiongeza kila asubuhi. Ikigoma bado, ijaze nguzo barafu, uibane kwenye jiriwa imara la mafundi wa Gerezani, kisha uizungushe fremu yenyewe kwa mikono miwili, kidogo kulia na kidogo kushoto, pasipo kuirukia. Ikikataa kabisa, ikatwe na kuchanwa kwa msumeno kutoka ndani. Ni kazi ndefu, lakini inaokoa bomba ambalo lina thamani kuliko nguzo.

Sababu ya kukataa kuchomelea ni hii: bomba la Columbus la aina ya SL, kwa mfano, lina unene wa milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 tu katikati, na limeunganishwa kwa shaba au fedha iliyoyeyushwa ndani ya viungio, bila bomba lenyewe kuyeyuka. Kwa hiyo hata msasa mkali ni hatari kwake. Kutu ya kromu isugue kwa karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji. Kutu ya ndani, ambayo haionekani na ndiyo inayoua fremu za Dar es Salaam, izuie kwa kumimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kuizungusha fremu ili yaenee, na kuyaacha yakauke. Rangi ya asili, hata iliyochubuka, mimi ningeibakiza.

SWALI: Fremu yangu ya aina hiyo iko tayari, ila magurudumu na gia ndivyo vinavyonisumbua. Nibakize vya zamani? Msomaji wa Kigamboni.

JIBU: Bakiza gia. Zile za kuvuta kwa mkono bila ngazi, yaani mkono wake husogea popote bila kunasa hatua kwa hatua, hazihitaji marekebisho ya mara kwa mara, na kwa vilima vya Pugu inatosha kuweka nyuma gia kubwa ya meno 26. Ukitaka gurudumu la kisasa, fremu ya upana wa milimita 126 kwa nyuma inaweza kupanuliwa hadi 130 kwa kuwa ni chuma, mradi afanye mtu anayepima pande zote mbili. Rimu za tairi la kugundishwa kwa gundi ziweke kando, kwani pancha moja barabarani ni usumbufu mkubwa. Tafuta rimu zilizoandikwa 622 (kipenyo kwa milimita) na tairi za namba hiyo hiyo zenye upana wa milimita 25 au 28 kama nafasi ya breki inaruhusu, wala usiuziwe tairi la inchi 28 la baiskeli ya Phoenix, ambalo rimu yake ni ya 635.