Wacheze kwanza, kanuni zitafuata

Miaka ya kwanza ya kufundisha usimamizi wa stoku, katika chuo kimoja hapa Nairobi, nilijaza ubao kanuni. Wanafunzi walizikariri na kufaulu. Nikiwauliza kwa nini duka la mtaani hukosa unga wiki hii, kisha wiki ya mbele likajaa hadi mlangoni, walinyamaza.

Siku hizi naanza na mchezo. Ulitoka chuo cha MIT, Marekani, karibu mwaka 1960, na huko huitwa mchezo wa bia. Mimi nimeweka unga mahali pa bia.

Wakalishe wanne kwa mstari: mwenye duka, muuzaji wa jumla, msambazaji, kiwanda. Kila mmoja anaanza na beli 12. Punje za maharagwe zinatosha kuwa beli hizo. Kila wiki ya mchezo kila mmoja anampitishia jirani wa upande wa kiwanda kikaratasi cha oda, na mzigo huchukua wiki mbili kufika. Beli iliyolala stoo inatozwa shilingi 50 kwa wiki, na beli uliyoagizwa lakini hujaitoa, 100. Kadi zenye oda za mteja za kila wiki anaziona mwenye duka peke yake. Kuongea marufuku, na hapo usilegeze hata kidogo, maana wataomba.

Muhula uliopita, wiki ya tisa ya mchezo, binti aliyeshika kiwanda alipokea oda ya beli 40. Akakigeuza kikaratasi kuona kama kuna maneno nyuma. Akazalisha. Wiki chache baadaye oda zikawa sufuri, maharagwe yamejaa meza yake nzima.

Mkimaliza, usieleze lolote kwanza. Waambie wachore wanavyodhani mteja aliagiza. Watachora milima na mabonde. Ndipo ufunue kadi: 4 kila wiki, kuanzia wiki ya tano 8, basi. Wataalamu huita jambo hili athari ya mjeledi: mkono, yaani mteja, ukitikisika kidogo, ncha, yaani kiwanda, inaruka mbali.

Tenga nusu ya kipindi kwa mazungumzo. Karibu kila kundi huagiza tena mzigo ambao tayari uko njiani, kwa sababu stoo inaonekana tupu. Kwa hiyo duru ya pili naongeza safu ya "mzigo ulio njiani" kwenye fomu, naleta kadi mpya za mteja, na kuziweka wazi kwa wote. Kwa kundi la yule binti, oda kubwa kabisa iliyofika kiwandani safari hiyo ilikuwa beli 12.