Ndama wana mabaka, mtoto ana uvimbe kichwani: ni ugonjwa mmoja?

Swali: Dokta shikamoo. Nipo Tukuyu, nafuga ng'ombe wa maziwa ndani ya banda. Ndama wawili wametokwa na mabaka ya kijivu yenye magaga kuzunguka macho na shingoni, nikapaka oili chafu kama nilivyoelekezwa. Sasa kijana wangu wa miaka 7, yeye ndo anawanywesha maziwa, ana uvimbe kichwani unatoa usaha na nywele zinang'oka. Duka la dawa walinipa krimu ya mchanganyiko na antibayotiki, wiki ya pili hii hola. Mama yake naye ana duara linawasha mkononi. Jirani anasema ni jipu, lipasuliwe. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Usipasue! Naanza na hilo maana limenishtua kuliko yote. Mi ni daktari wa mifugo, kwa hiyo ya ndama nakujibu mwenyewe, ya kichwa cha mtoto nitakueleza ninachokijua ili umpeleke hospitali ukiwa unaelewa unachokifuata, na usingoje wiki ijayo.

Kwa ulivyoeleza, hiyo ni choa imetoka bandani ikaingia nyumbani. Fangasi anayewapata ng'ombe anaitwa Trichophyton verrucosum, anaishi kwa kula keratini, ile protini iliyojenga nywele, kucha na ngozi ya juu, ndo maana haendi ndani mwilini, anabaki hukohuko juu. Ila akihamia kwa mtu, ngozi yetu inampokea kwa vita kubwa kuliko wale fangasi wa mapunye ya kawaida ambao wameshatuzoea, panavimba, panakuwa tepetepe ukibonyeza kama embe lililoiva kupitiliza, usaha unachuruzika kwenye vitundu vya nywele, na nywele ukizivuta zinakuja zenyewe bila maumivu makali. Madaktari wanaita kerioni. Kila anayeiona anadhani jipu, hata baadhi ya wahudumu wa afya wanapasua, na ukipasua hupati chochote cha maana zaidi ya kumuongezea mtoto kovu, wakati hiyo kerioni peke yake ikicheleweshwa inaweza kumuachia kipara cha maisha. Antibayotiki nayo haiui fangasi, inasaidia tu kama kuna bakteria wamedandia juu yake.

Na krimu ya kichwani haitoshi hata ingekuwa nzuri vipi, coz fangasi ameshaingia ndani ya unywele mpaka kwenye shina, krimu haifiki huko. Inatakiwa dawa ya kumeza, mara nyingi griseofulvini au terbinafini, dozi inapimwa kwa kilo za mtoto kwa hiyo usinunue kwa kukadiria. Griseofulvini inaenda kama wiki 6 hadi 8 na inafyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa, hapo kwako hakuna shida. Mjamzito hapewi.

Sasa hiyo krimu ya mchanganyiko. Soma kasha, ukikuta klotrimazoli imechanganywa na betamethasoni, achana nayo. Betamethasoni ni steroidi, inatuliza muwasho na wekundu siku mbili tatu unafurahi, huku inalaza kinga ya ngozi na fangasi anatambaa kwa raha zake, af ule ukingo wa duara unapotea kiasi kwamba hata daktari akija kuangalia hajui anaangalia nini. Kwa kweli hizi tyubu zinauzwa kama pipi na zinanikera sana. Mama apake klotrimazoli tupu au mikonazoli tupu mara 2 kwa siku, apitilize ukingo wa duara kama sentimita 2, na pakionekana pamepona aendelee wiki 1 au 2 zaidi, wengi wanaacha mapema halafu wanasema dawa feki.

Tuje bandani. Oili chafu acha leo. Ina madini mabaya kama risasi, ndama wanajilamba na kulambana, na ngozi inaungua juu ya ugonjwa. Tena ukweli ni kwamba ndama mwenye choa akilishwa vizuri huwa anapona mwenyewe ndani ya miezi 2 hadi 4, ndo maana kila dawa ya kienyeji ina mashahidi wake. Tunatibu ili kupunguza vimelea visiwafikie wengine na nyinyi. Vaa glavu, lainisha magaga kwa maji ya vuguvugu na sabuni, yasugue taratibu yatoke, yakusanye uyachome moto, kisha paka iodini ukiangalia isiingie machoni. Rudia kila siku kwa siku kadhaa. Watoe juani, najua Tukuyu jua lenyewe la kubahatisha, lakini banda lenye giza na unyevu na ndama waliobanana ndo mahali choa inapenda.

Mbao za banda ndo zinasahaulika. Spora za huyu fangasi, yaani vijimbegu vyake, zinaweza kukaa kwenye mbao kavu miaka, ndama mpya anakuja kujikuna palepale anaambukizwa. Sugua kwanza uchafu wote, kisha pitisha jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kwenye mbao, hori na brashi, SIO kwenye ngozi ya mnyama wala ya mtoto.

Kitu kingine, kama magaga ni mazito na ukiyabandua yanatoka na nywele zimesimama kama brashi ya rangi, chini kuna usaha, hiyo si choa, ni bakteria anaitwa Dermatophilus congolensis, alielezwa mara ya kwanza Kongo mwaka 1915, na matibabu yake ni antibayotiki. Nitumie picha ya karibu kama una mashaka.

Mtoto apumzike kuwahudumia ndama mpaka wapone. Shuleni wasimtenge, fangasi wa ng'ombe ni nadra kuruka kutoka mtu kwenda mtu, ila taulo, kofia na kitana viwe vyake peke yake. Na mkifika hospitali mwambie daktari mapema kabisa kwamba nyumbani kuna ndama wana choa, asipoambiwa atafikiria jipu kama jirani yako.