Parashuti Isisubiri Bahati

SWALI: Fundi, nimeunda roketi ya maji, ile inayorushwa na presha ya hewa inayosukuma maji nje, kwa chupa ya lita 2. Kofia ya juu nimeipachika bila kuibana, nikitegemea idondoke yenyewe kileleni na kuachia parashuti. Mara nyingine maji yakiisha tu kofia imeshachomoka; mara nyingine roketi inarudi kichwa chini, parashuti imejikunyata ndani. Niibane au niilegeze? Na parashuti iwe kubwa kiasi gani?

JIBU: Usiibane wala usiilegeze, achana na mtindo huo. Kileleni hakuna nguvu ya kuivua kofia, kwani yenyewe na chupa vinaanguka pamoja kwa mwendo uleule. Nguvu ipo mapema, pale maji yanapokwisha: chupa nyepesi yenye mapezi (vibawa vya mkiani) inazuiwa na hewa ghafla, kofia yenye uzito inaendelea na safari. Tena chupa huvimba kidogo ukiitia presha na kunywea presha ikitoka, kwa hiyo mbano ulioupima mezani sio utakaokuwapo angani.

Mimi huitolea parashuti ubavuni. Pua, yaani hiyo kofia ya juu, igandishe kabisa. Chini yake weka kipande cha chupa kisicho na presha, ukikate dirisha na kulitilia mlango. Mlango ushikwe na rababendi iliyonaswa kwenye jino la mashine ya mwanasesere wa kutia ufunguo. Roketi ikiruka, pini iliyoizuia mashine inabaki chini, na mashine inaanza kuzunguka hadi jino liachie rababendi na mlango ufunguke. Roketi ya kufika mita 40 hupanda kwa karibu sekunde 3. Anzia hapo, kisha rekebisha kwa macho.

Kuufungua mlango hakutoshi. Nyuma ya parashuti pinda ukanda wa plastiki ngumu uwe springi ya kuisukuma nje. Jaribu ukiwa umeishika roketi wima, kisha ikiwa imelala, kisha kichwa chini. Ikigoma kutoka hata mara moja, hiyo siyo ya kurusha.

Kama parashuti ni ya mfuko wa plastiki, usiilaze imekunjwa tangu jana, mikunjo hushikana. Ikunje uwanjani, ikiwa kavu, uipake poda kidogo. Nyuzi usiziviringe mara nyingi kuizunguka, zitaifunga kama mzigo.

Ukubwa ni hesabu nyepesi. Roketi ya gramu 200 ikiwa tupu, parashuti ya kipenyo cha sentimita 50 huishusha kwa takriban mita 5 kwa sekunde. Uzito ukiwa maradufu, kipenyo ongeza mara 1.4 tu, maana kinachozuia ni eneo. Nyuzi zisiwe fupi kuliko kipenyo, na katikati toboa tundu dogo ili isiyumbeyumbe. Siku ya upepo funga ya sentimita 35: itashuka kwa karibu mita 7 kwa sekunde, na mapezi huenda yakaumia, lakini hutaikimbilia mbali.