Mashapo Ndani ya Chupa ya Mvinyo

SWALI: Shemeji ameniletea kutoka Italia mvinyo mwekundu wa Toscana, uliotengenezwa na familia inayolima zabibu kwa kilimo hai. Chini ya chupa kuna mashapo meusi kama ya kahawa. Je, umeharibika? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Mashapo peke yake si dalili ya kuharibika, ndugu msomaji. Wazalishaji wadogo wengi hawachuji mvinyo wao, kwa kuwa wanaamini kuchuja huondoa sehemu ya ladha, na hivyo rangi na tanini (kemikali za asili zinazoleta ukakasi mdomoni) zitokazo kwenye maganda ya zabibu hushikamana na kuzama taratibu. Isimamishe chupa tangu siku moja kabla, kisha umimine polepole, ukiacha kiasi kidogo chini.

Kuhusu kilimo hai, tangu mwaka 2012 kanuni za Umoja wa Ulaya zinataka salfaiti (kihifadhi cha mvinyo) katika mvinyo mwekundu mkavu, yaani usio mtamu, wa aina hiyo isizidi miligramu 100 kwa lita, badala ya 150 za kawaida. Adui mkubwa wa mvinyo ni joto, na sebule ya Moshi mwezi Februari haifai kabisa kuuhifadhi. Uweke kwenye jokofu kama saa moja kabla ya kuunywa kwa mbuzi choma, ufikie takriban nyuzi 18. Barafu usitie, hata shemeji akisisitiza.