Steringi anayekufa si lazima awe Kristo

Mwanangu,

Marahaba, nasi huku hatujambo. Umeniuliza kama ni kweli anavyosema kiongozi wenu wa vijana kanisani, kwamba kila steringi anayekufa kwa ajili ya wenzake ni mfano wa Kristo. Umenichekesha. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tulijua steringi hafi.

Alama zisikubabaishe, watengeneza filamu huzipanga makusudi. Kwenye Man of Steel (2013), Superman anasema ameishi duniani miaka 33. Anaingia kanisani na mashaka yake, na nyuma yake kuna dirisha la vioo vya rangi, Yesu akiomba Gethsemane. Haya, tumeelewa. Mwishoni anamvunja adui yake shingo.

John Coffey wa The Green Mile (1999) ni mgumu zaidi kumkataa. Jina linaanza na J na C, anaponya wagonjwa, anauawa kwenye kiti cha umeme kwa kosa asilotenda. Nililia, sikatai. Lakini angalia anaowaponya: askari magereza Mzungu, mke wa mkuu wa gereza. Mtu mweusi anabeba maumivu ya watu, na filamu haituambii hata kwao ni wapi. Yesu alikuwa na mama, na kijiji kilichomjua kwa jina. Spike Lee, mwongozaji filamu mweusi wa Marekani, aliwahi kuwashutumu Hollywood kwa wahusika weusi wa namna hii, na mimi niko upande wake.

Mimi ningeanza na Babette's Feast, filamu ya Denmark ya 1987. Hadithi ni ya mwandishi Karen Blixen, yule yule wa shamba la kahawa pale Ngong, Kenya. Babette amekimbia Paris baada ya mauaji ya 1871, jeshi lilipozima uasi wa wananchi, anawapikia dada wawili wacha Mungu samaki mkavu na uji wa mkate uliochemshwa kwa bia. Miaka inapita, anashinda bahati nasibu, faranga 10,000. Zote anazimaliza kwa mlo mmoja: supu ya kasa, kware waliookwa ndani ya visanduku vya unga. Mezani wako 12, wengi wao waumini wazee walionuniana miaka, na wameahidiana wasitamke neno juu ya chakula. Yeye haketi nao. Yuko jikoni, uso unang'aa jasho, na huko mezani watu wameanza kusameheana bila kujua nani amelipa. Dada wanakuja kujua kwamba amezimaliza pesa zote wakati wageni wameshaondoka; wao walidhani anarudi kwao Ufaransa.

Wanamwambia hakupaswa kutoa vyote kwa ajili yao. Anajibu haikuwa kwa ajili yao tu; yeye ni msanii. Hapo anaachana na Kristo kidogo, nami nampenda zaidi kwa hilo.

Kwa hiyo mikono iliyotandazwa kama msalabani mimi siihesabu. Nauliza mhusika katoa nini, kampa nani, na kama angeweza kukataa. Babette hakulazimishwa na mtu. Mtazameni kikundi kizima, kisha unipigie uniambie kiongozi wenu kasemaje.

Baba yako