Majani yanayotembea chini ya mchanga

SWALI: Jambo ndugu muandishi. Mtoto wa dada yangu anaishi Oregon kule Marekani, karibu na bahari, juzi akanitumia foto vijana wako na majembe wanang'oa majani kwenye mchanga siku nzima, anasema hata buldozeri wanaleta kwa ajili ya majani tu. Mimi hapa Kadutu mvua ya usiku ikinyesha silali juu ya erozioni, na agronomi ametuambia tupande majani ya vetiveri nyuma ya nyumba. Sasa sisi tunapanda, wao wanang'oa, nani ana haki? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Jambo sana Mama. Wote muko na haki, majani yenyewe ndiyo hayafanani tabia.

Yale ya kule Wafaransa wanayaita oyat. Kwao ni pwani za Ulaya na Afrika ya Kaskazini, na kwao ni majani mazuri kabisa, kule Landes, Ufaransa, waliyapanda ili mchanga usifunike mashamba na vijiji. Wamarekani wakayaleta San Francisco 1869, halafu Oregon wakapanda mengi mno, zaidi miaka ya 1930, juu mchanga ulikuwa unafunika barabara. Walitaka usimame, ukasimama kupita kiasi.

Mchanga wa pwani kazi yake ni kutembea, upepo unausukuma toka baharini kuingia ndani. Oyat inasimama mbele yake, mchanga unalala kwenye majani, na haiogopi kufunikwa, hata ikizikwa metre moja kwa mwaka inachomoza tu juu. Ndiyo linapanda tuta refu pale mbele ya maji, nyuma yake mchanga haufiki tena, vichaka vinaingia, maua madogo ya asili yanakufa. Na kuna kandege kadogo ka rangi ya mchanga, kanataga mayai matatu hivi kwenye kashimo fasi ya wazi, juu kanataka kuona adui toka mbali. Majani yakijaa hakana tena pa kutagia, na wanyama wanaokula mayai wamepata pa kujificha. Sheria ya Marekani inakalinda tangu 1993. Kwa kandege kale hata mimi ningeshika jembe.

Sasa kuing'oa. Mama unajua yale majani ya shambani yenye mizizi meupe ya vifundo, unalima unasema nimemaliza, kumbe kimebaki kipande kama kidole na kifundo kimoja, mvua mbili tu kimerudi? Oyat ni hivyo hivyo, ila mizizi yake inashuka mbali kuliko mkono unavyofika. Ukiikata juu inaota, ukiichoma inaota. Fasi moja ya California, Lanphere, watu walichimba kwa mikono, wakarudi, wakarudi tena, mpaka mizizi ikaishiwa nguvu. Point Reyes, California vilevile, walileta mashini, zinachimba majani na mizizi yake yote, zinazika chini kabisa na kufunika na mchanga safi, na bado lazima watu wapite nyuma miaka na miaka kutoa yanayochomoza. Wengine wanapiga dawa, glifosate na imazapiri, kazi inaenda mbio, ila dawa ile haichagui, inaua na majani ya asili kama anayeishika hana uangalifu. Kwa hiyo mwambie mtoto wako salongo, ile kazi ya pamoja, ya siku moja haitoshi, wakiacha hapo jasho lao limeenda bure. Na kama nyuma ya tuta kuna nyumba za watu wasilivunje ovyo, linawazuilia mawimbi.

Yako Mama usiing'oe! Vetiveri haitembei. Mizizi yake inashuka wima, inaweza kufika metre 3, haitambai kwenda kwa jirani, na ile tunayopanda haisambai kwa mbegu. Panda vishina karibu karibu, sentimetre 10 mpaka 15, mstari ukate mteremko, usishuke pamoja na maji. Ukiacha mashimo kwenye mstari, maji yatapita hapo hapo na kuchimba zaidi.

Ila nakuomba kitu kimoja, vetiveri inashika udongo wa juu, haishiki mlima. Ukiona ufa umefunguka kwenye ardhi ama ukutani, usingoje majani yakue, mvua ikianza beba watoto mutoke.