Kamba ya mwenyekiti

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeuliza mji ukikua na kupangwa upya, wewe mkazi unashirikishwa au unaletewa taarifa tu? Mi nipo Mbeya, nauza mchele wa Kyela pale soko la Soweto na naishi huku mlimani upande wa Ilemi, mtaa wenyewe siutaji maana tunajuana wote. Jibu langu fupi ni kwamba inategemea wametuita wapi na saa ngapi. Sasa niacheni nieleze.

Mkutano wa mtaa kwetu unatangazwa hivi, bajaji yenye spika inapita jioni, nusu husikii kwa sababu ya mbwa na watoto, unaambulia tu "kesho saa tisa mchana ofisi ya mtaa wote mnaombwa kufika". Kesho yenyewe Jumatano. Saa tisa mchana Jumatano mimi niko sokoni nimekaa na magunia yangu, mwenye bodaboda yuko kijiweni, fundi yuko saiti, wanaobaki mtaani ni wazee wastaafu na kina mama wenye watoto wachanga, hao ndo wanaamua. Alafu ukilalamika unaambiwa wananchi hawana mwamko! Ila yule kijana wa ushuru hajawahi kushindwa kunifikia hata siku moja, mvua inyeshe anakuja, nimeenda chooni ananisubiri, na kimashine chake mkononi anakutolea risiti. Kumbe mkitaka kunipata mnajua nilipo.

Tukubaliane kwanza kwamba mji umekua haraka. Tumeitwa jiji toka 2005, sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 na ile ya 2022 ikakuta 541,603, yani laki moja na nusu na ushee wameongezeka, na hao hawakwenda kukaa Uzunguni wala Forest kwenye mitaa iliyopangwa, walikuja huku kwetu na kule Isyesye na Itezi na Uyole. Mtu ana robo eka ya migomba anauza, aliyenunua anakata kipande anampa shemeji yake, shemeji naye anajenga banda la kuku anaongeza choo, kila mtu anaweka msingi anapoona pako tambarare kidogo, njia inabaki kaupenyo ka mtu na baiskeli. Mwenye mipango miji anafika anakuta mji umeshajipanga wenyewe. Simlaumu sana kwa hilo, hata mi nyumba yangu kona moja nilisogea, nisiseme uongo.

Ndo ukaja urasimishaji. Wengi mnaujua, mnapimiwa makazi yenu mliyojenga kiholela mpate hati, na sheria ya mipango miji ya 2007 inataka watu washirikishwe, kwahiyo tukashirikishwa. Siku hiyo nilifunga meza nikaenda, nikasema leo ngoja nami niwe mwananchi. Wamebandika mchoro ukutani, mkubwa kama kanga, viwanja vyenyewe vidogo kama punje za chenga na vyote vina namba. Mtaalamu anaongea vizuri tu, barabara ya mtaa itapita hapa, hapa eneo la wazi, hapa huduma za jamii, anazungusha kijiti. Hakuna aliyejua "hapa" ndo kwa nani. Akamaliza akauliza kuna swali? Kimya. Mzee mmoja akauliza chai ipo. Tukacheka, tukasaini karatasi ya mahudhurio, tukaondoka, na baadae ile karatasi ya mahudhurio ndo ikaonyeshwa kwamba wananchi waliridhia. Tuliridhia nini jamani, mi nilisaini kwamba nilikuwepo!

Hela tulitoa, kwetu ilikuwa laki na nusu kila kiwanja, wengine kidogokidogo. Kampuni iliyopewa kazi ikachomeka bikoni, zile nguzo fupi za mipaka, upande wa chini, ikasema inarudi wiki ijayo, wiki yenyewe haijafika mpaka leo. Bikoni mbili watoto wameshazifanya goli.

Sasa sikilizeni alichofanya mwenyekiti wetu wa mtaa. Yeye sio msomi, alikuwa fundi mwashi, mshahara hana ni posho za kubahatisha, ila kichwa anacho. Jumapili moja, watu wametoka kanisani wameshakula, saa kumi hivi, katokea chini kule barabara ya lami na mtendaji na vijana wawili wameshika kamba ya katani ya mita sita, kaifunga kitambaa chekundu kila ncha. Hajaita mkutano. Kaanza tu kwenye nyumba ya kwanza, kijana mmoja kasimama kwenye ukuta wa huyu na mwingine anaivuta mpaka kwa jirani wa pili, kamba ikaingia ndani ya uzio kama hatua tatu. Mwenye nyumba kutoka kuuliza kulikoni, mwenyekiti anamwambia baba, gari la zimamoto likitaka kupita linahitaji upana huu, wewe unaonaje?

Weee! Hapo mtaa mzima ulikuwa nje. Hakuna aliyekosa swali. Huyu anasema jirani ndo kasogea sio mimi, yule anataka kamba ivutwe kutoka katikati ya mfereji, mwingine anakumbusha msingi wa zamani ulikuwa wapi kabla ya mvua za masika kubomoa. Sisi wa masokoni neno zimamoto halihitaji maelezo, tuliona soko la Mwanjelwa linaungua 2006, tukaona la Sido 2017. Bibi mmoja jiko lake la nje lote liliangukia ndani ya kamba, akasimama pale mlangoni muda mrefu, akasema jiko chukueni ila mti wa parachichi nauvuna kwanza, mwezi wa tano mtaukata. Wakakubaliana mwezi wa tano. Mtendaji kaandika kwenye daftari, bibi kaweka dole gumba. Kwangu ile kona niliyosogea ikaliwa hatua moja na nusu, niliumia ila niliona kwa macho yangu kwamba na wa mbele yangu kaliwa vilevile. Mpaka giza linaingia tulikuwa tumefika nusu ya mlima, Jumapili iliyofuata tukamaliza.

Mimi huko ndo nilishirikishwa. Kule ukutani niliulizwa maono ya jiji, sina, huku niliulizwa uzio wangu.

Najua kamba haipangi mji mzima. Ile barabara kuu inayopanuliwa njia nne kutoka Nsalaga mpaka Ifisi huwezi kuivutia kamba na mwashi, na hata huku kwetu kumwaga kifusi ni kazi ya TARURA, wale wa barabara za vijijini na mijini, sio ya mwenyekiti, watu wengi bado wanamgombeza diwani kwa kitu ambacho toka 2017 kina wakala wake. Ila TARURA walipokuja walikuta njia iko wazi na daftari lina dole gumba za watu, greda likapita siku mbili. Boza la maji sasa linapanda, la taka nalo linajitahidi.

Sehemu moja tu imeshindikana. Kuna nyumba ile Jumapili mwenyewe alikuwa Dar, mpangaji akasema mi siwezi kutoa ukuta wa mtu, na alikuwa sahihi. Simu zimepigwa, mwenyewe anasema atakuja kuangalia. Mwaka wa pili huu. Barabara ikifika kwake inabana inakuwa upana wa mkokoteni, na nyumba yangu iko juu yake, kwahiyo jioni nikitoka sokoni dereva wa bajaji anafika pale anazima injini, mama mwisho hapa, nashusha kiroba changu najitwisha.